Mume Wangu Alipona Banalia

Mume wangu alianza kuugua mwaka ule tulipohamia nyumba ya wazazi wake. Kabla ya hapo tulikuwa tumepanga chumba kimoja huko Mangobo, mtaa mwingine wa Kisangani, chumba chenye sakafu ya saruji na dirisha lisilofungika vizuri, na sikumbuki hata siku moja aliyokosa pumzi mle ndani. Baba mkwe alipofariki, mama mkwe akasema hawezi kubaki peke yake katika nyumba kubwa namna ile. Mume wangu ni mtoto wake wa kiume wa pekee. Tukafunga vyombo vyetu, nikambeba binti yetu mgongoni, tukahama.

Ilikuwa nyumba ya heshima. Ukoo wa mume wangu ni wa Waislamu wa zamani wa Kisangani, wale ambao mababu zao walifika na misafara ya biashara, na nyumba yao haikuficha jambo hilo. Saloni, chumba cha kupokelea wageni, ilifunikwa yote zulia jekundu. Viti vilikuwa vya mahameli, mapazia mazito yalining'inia mawili mawili kila dirisha, na juu ya kila kiti kulikuwa na mto wa sufi uliotarizwa kwa mkono. Sisi tulipewa chumba cha mbele, chenye kitanda cha mti mweusi na godoro la sufi. Mama mkwe aliletwa bibi arusi juu ya godoro lile, na watoto wake wote aliwazalia hapo. Alinishika mkono akanionyesha.

"Nakuachia hii," akasema.

Nilijua ananipa nini. Mimi ni mtoto wa wavuvi wa Yanonge, nilibatizwa kanisani nikasilimu ili niolewe, na kulikuwa na watu katika ukoo ule waliosema nimesilimu kwa mdomo tu. Nilipiga magoti nikamshukuru.

Chafya zilianza kabla hatujamaliza msimu mmoja wa mvua. Alikuwa akiamka kwa sala ya alfajiri, na kabla mguu haujagusa chini, moja ilitoka, kisha nyingine, kisha mfululizo ambao ulimfanya ashike ukingo wa kitanda kama mtu aliye kwenye mtumbwi unaoyumba. Macho yalimwasha hadi yakawa mekundu. Pua ilitiririka, kisha ikaziba kabisa, akawa anaongea kama aliyebanwa pua kwa vidole. Jua likipanda, mambo yalitulia kidogo. Mwaka wa pili kikaja kikohozi kikavu, na kifua chake kikaanza kupiga mluzi. Nilikuwa nikiusikia mluzi ule hata nikiwa jikoni naponda ndizi za lituma, yeye akiwa amekaa saloni.

Tulitibu malaria kwanza, kama kila mtu anavyofanya hapa. Tukatibu tifoidi. Akapewa antibiotiki za rangi mbalimbali. Akapigwa picha ya kifua, makohozi yakapimwa, wakasema si kifua kikuu. Lakini majirani hawakusoma majibu ya maabara. Waliona mtu aliyekonda anayekohoa, na watoto wao wakaacha kuja kucheza na binti yetu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka huo wazazi wawili waliomba watoto wao wahamishiwe darasa la mwenzangu, na mkuu wa shule hakunieleza kwa nini. Hakukuwa na haja.

Kilichomwaibisha zaidi ni msikiti. Kila aliposujudu, paji la uso likagusa zulia, chafya zilimshika. Akiinuka, zinapungua, akisujudu tena, zinarudi. Watu hawakumwambia kitu usoni, lakini safu ilianza kumwacha na nafasi kila upande. Dada yake mkubwa, mwanamke mwenye sauti ya kuamrisha aliyekuwa akija kwetu karibu kila siku, ndiye aliyelisema waziwazi nyumbani. Alisema mtu anayesumbuliwa kila anapoweka kichwa chini mbele ya Mungu ana kitu ndani yake kisichotaka kuswali. Hakunitazama aliposema hivyo. Alimtazama mama yake.

Halafu kulikuwa na Banalia.

Mume wangu ni mfanyabiashara wa vitambaa na vyombo vya nyumbani. Anapakia pikipiki mzigo hadi dereva haonekani, wanashika barabara ya kaskazini mpaka Banalia, na anakaa huko majuma kadhaa akiuza na kununua mchele. Alipoondoka nyumbani alikuwa akiinama kwa kikohozi. Aliporudi alikuwa amenenepa mashavuni, anacheka, anambeba binti yetu mabegani. Asubuhi ya kwanza nyumbani alipiga chafya mbili tatu. Baada ya siku chache tulikuwa tumerudi palepale.

Mara ya kwanza tulisema ni hewa ya msituni. Mara ya pili tulisema ni kupumzika. Jambo lilipoendelea kujirudia, kila mtu akaanza kulifasiri kwa namna yake, na hakuna hata fasiri moja iliyokuwa nzuri kwangu.

Mama mkwe alinifuata siku moja nilipokuwa nachambua sombe, majani ya muhogo, uani. Alikaa kwenye kigoda, akachukua majani akaanza kunisaidia. Kisha akaniuliza kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha.

"Mwana wangu iko muzima kule, iko mugonjwa hapa. Alors, hapa kuko nini?"

Nikamjibu kwamba sijui, mama.

"Mie pia sijui," akasema. "Lakini watu ya mayi wako na mambo yao."

Watu wa maji, yaani sisi wa mtoni, wa Yanonge na Isangi. Hapa kwetu husimuliwa habari za mamba-muntu, mwanamke wa majini anayewatajirisha wanawake na kunyonya uhai wa waume zao. Nilikulia ukingoni mwa mto na sijawahi kumwona. Niliendelea kuchambua majani hadi yakaisha.

Mimi nami nilikuwa na fasiri yangu, na sikumwambia mtu. Mwanamume anayenawiri akiwa mbali na kunyauka akirudi kwa mkewe, mwanamke yeyote atafikiri nini? Nilianza kunusa mashati yake. Nilimuuliza nani anampikia huko, akasema mjane mwenye nyumba. Nikamuuliza mjane ana umri gani. Akacheka hadi akakohoa. Sikucheka.

Likizo ya Pasaka nilimwomba twende pamoja. Alishangaa, maana barabara ile si ya kwenda kutembea, lakini alikubali. Binti tulimwacha na bibi yake. Tulifika tumejaa tope hadi nywele. Nyumba aliyopanga ilikuwa ya miti na udongo, na kati ya ukuta na paa kulikuwa na uwazi ambao ndege angeweza kupita. Ndani kulikuwa na kitanda cha mianzi, juu yake mkeka, juu ya mkeka kitenge kimoja cha kujifunika. Mjane alikuwa bibi kikongwe aliyenikaribisha kwa mikono miwili na kuniita binti yake. Mume wangu alipokwenda sokoni nilitafuta. Niliangalia chini ya kitanda, mfukoni mwa begi, nyuma ya mlango. Hapakuwa na kitana wala kandambili wala harufu ya mtu mwingine. Niliona aibu, na chini ya aibu nikaona hofu mpya. Kama hakuna mwanamke huku, basi tatizo liko kule nyumbani. Na kule nyumbani niko mimi.

Kulipopambazuka nilimsikia akiamka. Nililala nikiwa nimefumba macho, nikingoja. Alikwenda nje akatawadha. Majogoo waliwika, mtu fulani alikuwa akitwanga. Mume wangu akatandika mkeka wake mlangoni akaswali, akasujudu, akainuka, akasujudu tena. Hakukuwa na sauti yoyote ila kisomo chake. Aliporudi ndani alinikuta nimekaa, machozi yananitoka, akauliza kuna nini.

"Hupigi chafya," nikasema.

"Huku sipigaka."

"Na miye niko hapa."

Alisimama akiwa bado ameshika mkeka. Niliona akilifikiria jambo lile kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nililala naye kitanda kimoja, nikapumua naye hewa moja, na yeye ni mzima.

"Ndiyo," akasema polepole. "Uko hapa."

Nilirudi Kisangani nikiwa na moyo mwepesi kuliko miaka yote ile. Nilidhani nimebeba ushahidi. Nilimsimulia mama mkwe kila kitu, mume wangu akiwa amekaa pembeni, na yeye akasikiliza hadi mwisho. Dada mtu ndiye aliyejibu. Alisema kwamba mtu anayeficha kitu hatembei nacho barabarani. Anakificha nyumbani, na nyumbani ndiko kinakofanya kazi. Mume wangu akafungua mdomo kusema, chafya zikamshika.

Miezi iliyofuata alizidi kudhoofika. Kupanda ngazi za barazani kulimtosha kuwa kazi ya siku. Ilikuwa likizo kubwa ya mwisho wa mwaka wa shule walipokaa kikao cha familia, saloni, kwenye viti vya mahameli. Mjomba mmoja alikuja toka upande wa pili wa mji kuwa msemaji. Nami niliitwa, nikakaa chini kwenye zulia. Walizungumza kwa adabu. Hakuna aliyenitukana wala kulitaja neno lenyewe. Walisema tu kwamba mgonjwa anahitaji utulivu, kwamba ingekuwa vizuri mimi niende kwetu Yanonge kwa muda, wasome Kurani ndani ya nyumba, ili waone. Msemaji akamgeukia mume wangu akamuuliza yeye anasemaje.

Nilimtazama. Alikuwa ameegemea mto wa sufi, kifua kinapiga mluzi, jasho limemjaa usoni. Nilikuwa namngoja aseme habari ya Banalia.

"Aende kidogo," akasema. "Ni ya muda tu."

Nilimchukua binti yangu, nikapanda mashua ya mbao inayoteremka mtoni na mizigo, tukashuka Yanonge mchana wa jua kali. Mama yangu alikuwa kwenye kichanja akibanika samaki. Aliona begi langu, akaona ukubwa wake. Alinipa kisu na kikapu cha samaki wa kupasua. Tulifanya kazi hadi moshi ukatuwasha macho wote wawili, na hapo nikaweza kulia bila mtu kuona tofauti. Niliyakumbuka yale maneno mawili matatu aliyoyasema mume wangu. Mateso yangu hayakuwa mama mkwe wala wifi. Wao hawakufika Banalia. Yeye alifika.

Yaliyotokea kule nyumbani nilisimuliwa baadaye na yeye mwenyewe. Siku ya kisomo ilipokaribia, mama yake na dada yake waliamua nyumba isafishwe kila pembe, wakitafuta kama kuna kitu kimefichwa. Mvua ilikuwa inanyesha, hawakuweza kutoa vitu nje. Wakakunja zulia humohumo ndani na kulipiga kwa fimbo. Wakashusha mapazia. Chumbani wakaligeuza godoro, wakalifumua upande mmoja, wakatia mikono kwenye sufi hadi mabegani, kisha wakalipiga ili likae sawa. Mume wangu alikuwa akiwasaidia. Vumbi lilijaa hadi taa ikaonekana ina ukungu. Alianza kukohoa, akakaa chini, akainama mbele na mikono magotini, na hakuweza tena kusema neno zima. Midomo yake ikawa ya rangi ya majivu. Walimpakia gari la jirani, wakamkimbiza hospitali, na mimi nikiwa mbali naye, mwendo mzima wa mto.

Simu yake ilinifikia alipoanza kuzungumza tena. Sauti ilikuwa nyembamba kama ya mtoto.

"Rudi," akasema. "Daktari anataka kukuona."

Nilitaka kumuuliza, na wewe je? Badala yake nilikata simu. Nikatafuta mashua ya kupanda mto.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mtaratibu, aliyekuwa amerudi Kisangani baada ya kusomea magonjwa ya kifua Kinshasa. Mume wangu alikuwa amelala na mpira wa hewa puani. Mama mkwe alikaa upande wa kichwani na tasbihi ya kuhesabia dhikri, macho yake chini. Daktari alinieleza kwamba walimpa dawa ya kuvuta ya kufungua mirija ya kifua na amepata nafuu, kwamba hiyo ni pumu, lakini pumu huwa ina kitu kinachoiamsha, na mgonjwa alipoulizwa kuhusu nyumba yake alikuwa hajui hata anatumia mto wa aina gani. Alisema, muulizeni mke wangu.

Kwa hiyo aliniuliza mimi. Saa gani zinamshika zaidi. Nikasema alfajiri, kitandani. Akauliza tulikaa wapi zamani, na huko ilikuwaje. Nikamweleza chumba cha Mangobo. Nikamweleza msikiti na zulia lake. Nikamweleza Banalia yote, na ilikuwa mara ya kwanza mtu ananisikiliza kuhusu Banalia kama vile ninasema jambo la maana.

"Kule anakolala, kuko matela?" akauliza, akimaanisha godoro.

"Hapana. Ni mianzi na mukeka."

"Na hapa?"

"Hapa ni matela ya sufi. Ya zamani."

Aliandika, akasema anafikiri anajua, lakini anataka kuhakikisha.

Kuhakikisha kulichukua muda. Kulikuwa na kipimo cha ngozi, na chupa zake ndogo zinatakiwa kukaa baridini wakati wote. Alikuwa ameziagiza, na tukangoja ndege izilete uwanjani Bangboka ndani ya sanduku la barafu. Wakati huo mume wangu alipaswa kuacha vidonge vya mafua na mwasho, maana vingeficha jibu. Siku ya kipimo tulikwenda watatu. Mama mkwe alisema na yeye atakuja, na hakuna aliyethubutu kumkataza.

Daktari alimnyoosha mkono, akachora alama kwa kalamu upande wa ndani, akaweka tone moja moja la maji kwenye kila alama, kisha akachoma kidogo kupitia kila tone kwa kisindano ambacho hata damu hakikutoa. Tone moja lilikuwa maji ya chumvi tu. Moja lilikuwa la kuonyesha kwamba ngozi inajibu. Mengine yalikuwa ya mende, ya ukungu, ya paka, na moja la kitu alichokiita acariens. Tulikaa tukiutazama ule mkono. Kwa mende pakawa pekundu kidogo. Kwa acariens pakavimba, pakainuka uvimbe mweupe wenye ukingo mwekundu, ukapanuka mbele ya macho yetu, na mume wangu akaanza kujizuia asijikune.

Mama mkwe akauliza hao ni nini.

Daktari akamwambia afikirie utitiri wa kuku, kisha awafikirie wadogo kuliko utitiri, wadogo hadi jicho haliwezi kuwaona. Hawaumi mtu. Wanakaa kwenye godoro, kwenye mto, kwenye zulia, kwenye kiti cha kitambaa, na wanakula ule unga wa ngozi unaotutoka tukilala. Wanapenda unyevu, na Kisangani haikosi unyevu mwaka mzima. Mavi yao yanakuwa vumbi, vumbi linaingia puani. Watu wengi haliwafanyi kitu. Mwili wa mume wangu unalichukulia kama adui.

"Ndani ya matela yangu?" akauliza mama mkwe.

"Ndani ya matela ya kila mutu, mama. Hata kwangu viko."

Mama mkwe aliukusanya mtandio wake akatoka. Tulimkuta nje kwenye benchi. Hadi tunafika nyumbani sikujua kama nimeshinda. Sikuwa na furaha. Nilitazama uvimbe ule kwenye mkono wa mume wangu, mdogo kama alama ya kuumwa na mbu, nikafikiria yote tuliyopitia.

Matibabu yalikuwa kazi, na tulikosana karibu kila siku. Daktari alimpa dawa ya kupulizia puani, na dawa mbili za kuvuta kwa mdomo: moja ya kila siku, asubuhi na jioni, hata akiwa mzima, na nyingine ya kuokoa pumzi zikikatika. Ile ya kuokoa aliipenda, maana aliiona inafanya kazi papo hapo. Ile ya kila siku aliitumia kwa kunung'unika, na alipojisikia vizuri akaiacha bila kuniambia. Kifua kikarudi. Tukarudi kwa daktari, akamweleza tena kwa upole, na nilimwona mume wangu akitazama pembeni kama mwanafunzi wangu asiyefanya kazi ya nyumbani. Dawa ikakosekana mjini wakati mmoja, nikazunguka kila famasia kwa toleka, nimekaa nyuma ya baiskeli huku mvua ikinipiga, hadi tukampata msafiri wa kutuletea kutoka Kinshasa. Nilimuuliza daktari kama hakuna dawa ya kumaliza kabisa. Alisema yapo matibabu ya kuufundisha mwili uzoee, kidogo kidogo kwa miaka, lakini kwetu hayajafika.

Ndani ya nyumba ilikuwa shida zaidi. Zulia likaondoka. Mapazia mazito yakashuka, nikaweka ya pamba nyepesi. Mito ikaondoka. Tulinunua godoro la sponji na fundi akalishonea mfuko wa turubai laini unaofungwa kwa zipu pande zote, tukawa tunalala juu ya kitu kinachopiga kelele kila mtu akigeuka na kinachotutoa jasho. Kila Jumamosi nilichemsha shuka kwenye sufuria kubwa uani. Kuanika ndiko kulikonishinda, maana shuka zinakaribia kukauka na wingu linakuja. Niliishia kuzikausha kwa pasi ya makaa. Wageni waliokuja waliona sakafu tupu na viti vya mbao, wakauliza kama tumepata hasara ya biashara. Dada mtu alisema kwa majirani kwamba sasa nimeimaliza kazi, nimemwondoa mama yake hata ndani ya vyombo vyake.

Godoro la sufi nilitaka lichomwe. Mama mkwe alikataa. Alilikokota mwenyewe, kwa mikono yake ya uzee, hadi chumbani kwake, na hadi leo analalia hilo. Hapigi chafya. Mwili wake haulijali. Mwanzoni niliona ni ukaidi, lakini nilipita siku moja mlango ukiwa wazi nikamwona ameketi juu yake, anashona kwa uzi mweupe ule upande walioufumua.

Msikitini imamu alimruhusu mume wangu aende na mkeka wake na aswali safu ya nyuma karibu na mlango. Watu waliuliza, akawaambia ni vumbi. Wengine waliamini.

Amepata nafuu. Sitaki kusema amepona, maana mvua zikizidi bado kuna alfajiri zinazomshika, na nikisikia chafya ya kwanza najikuta nimekaza mwili wote, nikihesabu. Lakini anapanda ngazi. Ananenepea nyumbani sasa, si Banalia. Hakuna aliyeniomba msamaha. Mama mkwe huwaambia wageni kwamba mwanawe alikuwa na ugonjwa wa vidudu, daktari akavigundua, na habari inaishia hapo, kama vile mimi nilikwenda Yanonge kula samaki.

Nilimuuliza mume wangu mara moja tu. Ilikuwa Jumamosi alasiri, nilikuwa napiga pasi barazani na yeye ananikunjia. Nilimuuliza kama na yeye alisadiki.

Alimaliza kukunja shuka iliyokuwa mkononi.

"Kuko siku nilisadiki," akasema. "Pumuzi ikikosa, unasadiki kila kitu."

"Hata kisha Banalia?"

"Hata kisha Banalia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa miezi mingi kulisikia jibu hilo, na bado lilinikata. Nilifikiri nitainuka niingie ndani. Lakini alikuwa amesema kweli, na alikuwa akinitazama usoni, kitu ambacho hakukifanya siku ile ya kikao. Nikamwambia lile ndilo ambalo bado linaniuma, si maneno ya mama yake. Akasema anajua. Akasema anajua tangu aliponiona naingia hospitalini na tope miguuni. Kisha tukarudi kwenye pasi, maana wingu lilikuwa limeshafika juu ya mto na zilibaki shuka nyingi za kukausha.